Soja wa Geti na Kitabu Chake: Jinsi Ukurasa wa Kuingia kwenye Waifai Unavyofanya Kazi

Saa tano usiku mlango wangu ukigongwa hapa Pipeline, Nairobi, najua ni mtu wa waifai. Juzi alikuwa makanga wa matatu za Outering, bado amevaa sare ya kazi, simu mkononi ikimulika uso.

"Dada, nimelipa thelathini, pesa imekatwa, na waifai imenikatalia."

"Inakuonyesha ukurasa wa kulipa tena, au haikuonyeshi kitu?"

"Inaniambia nilipe tena. Sasa nilipie kitu kimoja mara mbili, dada?"

Swali hilo moja liliniambia nitafute wapi. Kama ukurasa haujitokezi kabisa, ubovu uko upande mmoja. Kama unajitokeza lakini unamsahau mtu aliyelipa, ubovu uko upande mwingine, na dawa zake hazikaribiani hata kidogo. Nimeona vijana wazuri wa kazi hii wakikesha wakibadilisha antena na kebo kwa sababu tu hawakutenganisha mambo hayo mawili. Naandika mwongozo huu kwa anayetaka kuweka waifai ya kulipia kwenye ploti, kibandani, hosteli au kanisani, na anataka kuelewa kinachotokea kati ya simu ya mteja na intaneti.

Mimi nilikaa miaka sita kwenye kaunta ya saiba kabla simu hazijatumaliza. Sasa naendesha waifai ya ploti ya ghorofa saba yenye vyumba 84. Mengi ninayoyasema hapa nimeyajua kwa kuharibikiwa.

Kitabu hakimzuii mtu

Fikiria geti la ofisi yoyote kule Upper Hill. Soja anakusimamisha, unaandika jina, namba ya kitambulisho, saa uliyofika na unayemwona, unatia sahihi. Kisha anakufungulia. Kitabu chenyewe hakina nguvu ya kumzuia mtu. Anayezuia ni soja, na kitabu ni njia ya kumshawishi tu.

Ukurasa wa kuingia, ule unaoomba vocha au namba ya M-Pesa, ni kitabu. Soja ni rauta. Kila simu inayoungana na waifai yako ina anwani ya kifaa, ile inayoitwa MAC, ambayo ni tarakimu na herufi 12 zilizogawanywa mbilimbili, na rauta inaipa anwani ya IP ya kutumia humo ndani. Rauta inaweka orodha: anwani hizi zimeruhusiwa, hizi bado. Paketi, yaani kipande cha data, ikija kutoka kwa aliyeruhusiwa, inapita. Ikija kutoka kwa mwingine, inazuiwa au inageuzwa njia. Ukurasa ukishapokea vocha sahihi, kazi yake yote ni kumwambia rauta amhamishe huyu kutoka orodha ya pili kwenda ya kwanza.

Na soja huyu halikumbuki jina lako. Anakumbuka sura, yaani ile MAC. Shika hilo, kwa sababu nusu ya magomvi na wateja yanaanzia hapo.

Kinachotokea kwenye sekunde tano za kwanza

Mteja amegusa jina la waifai yako. Simu inaomba anwani kwa njia ya DHCP, na rauta inaipa, tuseme 10.5.50.37, pamoja na kuiambia kwamba maswali yote ya majina ya tovuti iyapeleke kwa rauta yenyewe. Maswali hayo ndiyo DNS. Hadi hapo mteja hajaingia, lakini ameshapewa anwani na anaruhusiwa kuuliza majina. Lazima iwe hivyo, la sivyo simu haitafika hata kwenye ukurasa wako.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi hawaijui, ninayoipenda kuliko zote. Simu haisubiri mwenyewe afungue kivinjari. Inajaribu intaneti yenyewe, kimyakimya. Android inaomba ukurasa mmoja mdogo kwenye connectivitycheck.gstatic.com unaoitwa generate_204, na inatarajia jibu lenye namba 204, ambalo ni sawa na mtu kusema "nimekusikia, sina la kuongeza." iPhone inakwenda captive.apple.com ikitarajia neno "Success". Kompyuta ya Windows inakwenda www.msftconnecttest.com ikitarajia maneno "Microsoft Connect Test". Firefox nayo ina anwani yake.

Maombi haya hutumwa kwa HTTP ya kawaida, isiyosimbwa, kupitia poti 80, yaani mlango wa mawasiliano wa HTTP, na imefanywa hivyo kwa makusudi. Rauta inalidaka ombi njiani, na badala ya kulipeleka Marekani inajibu yenyewe: 302, nenda kwenye ukurasa huu hapa. Simu ilitarajia 204, ikapata 302. Inajua papo hapo kuna soja getini, na inafungua kidirisha kidogo chenye ukurasa wako. Kwa hiyo ukurasa "unaojitokeza" haujitokezi kwa nguvu za rauta. Simu ndiyo iliyouita.

Hii ndiyo sababu pia mtu akifungua kivinjari akaandika anwani ya benki yake, hapati ukurasa wako, anapata onyo jekundu la kutisha. Tovuti za siku hizi zinatumia HTTPS, na HTTPS inadai cheti kinachothibitisha kwamba aliyejibu ndiye mwenyewe. Rauta yako haina cheti cha benki na haipaswi kuwa nacho. Ikidaka ombi lile, kivinjari kinaona mdanganyifu. Tovuti nyingi pia zinatumia kanuni ya HSTS, iliyochapishwa mwaka 2012, ambayo inakiambia kivinjari kisikubali kabisa kushushwa kwenda HTTP, na kisimpe mtu hata kitufe cha "endelea tu". Usijaribu kupambana na hilo. Ukiona fundi anakuuzia njia ya kudaka HTTPS za wateja, mwondoe kwenye ploti yako. Mteja ambaye ukurasa haukumjia, mwambie afungue neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi isitumie HTTPS, na ukurasa wako utamjia.

Kuna njia mpya zaidi, ya mwaka 2020, ambapo DHCP yenyewe inaiambia simu mahali pa kuuliza ulipo ukurasa wa kuingia, kupitia chaguo namba 114. Ni njia safi. Lakini si kila simu inaielewa, na wateja wangu wengi wana simu za miaka mingi, kwa hivyo bado nategemea ule udakaji wa poti 80.

Kuijenga

Natumia rauta za MikroTik kwa sababu mfumo wake wa hotspoti, yaani waifai yenye ukurasa wa kuingia, umo ndani tayari na vifaa vyake vinapatikana Luthuli Avenue. Ukitumia kifaa kingine majina ya menyu yatabadilika, mantiki haitabadilika.

Jambo la kwanza kabla ya kubonyeza chochote: usiwashe hotspoti kwenye upande uliounganisha laptopu yako mwenyewe. Soja akishasimama hapo atakuzuia hata wewe uliyemwajiri. Jiachie poti moja ya matengenezo nje ya mfumo, au ingia kwa Winbox, programu ya kusimamia MikroTik, kwa kutumia anwani ya MAC.

Ingia IP, kisha Hotspot, kisha Hotspot Setup. Utaulizwa upande gani utumike. Chagua daraja (bridge), yaani kiungo cha ndani ya rauta kinachobeba antena zako zote. Utaulizwa anwani, na ukiacha chaguo-msingi mara nyingi utapewa 10.5.50.1/24. Usikubali upesi, nitakueleza mbele. Cheti, acha wazi kwa sasa. SMTP, ambayo ni ya barua pepe, iache sifuri. DNS, weka za mtoa huduma wako au za umma. Jina la DNS ni lile litakaloonekana juu ya ukurasa, na kama utataka cheti halali baadaye, liwe jina la kikoa unachokimiliki kweli. Mwisho utaombwa mtumiaji wa kwanza na nenosiri. Tafadhali, "admin" na "1234" hapana.

Kisha ingia kwenye Server Profile, kichupo cha Login. Hapo ndipo unaamua namna mtu anavyothibitishwa. HTTP CHAP maana yake ukurasa unachanganya nenosiri na namba ya bahati nasibu kutoka kwa rauta, unatuma mchanganyiko ule badala ya nenosiri lenyewe. HTTP PAP inatuma nenosiri lilivyo, wazi, kwenye hewa ambayo jirani anaweza kuisikiliza. PAP itumie tu kama ukurasa wako uko kwenye HTTPS. Washa Cookie na MAC Cookie ili aliyeingia jana asiandike vocha tena leo. Chaguo-msingi la kumbukumbu hiyo ni siku 3.

Kwenye User Profile weka kasi, mimi nimeweka 2M/4M, na jua kwamba namba ya kwanza ni ya mteja kupakia na ya pili ni ya kupakua. Shared Users iwe 1 kama hutaki vocha moja ihudumie chumba kizima. Halafu angalia Keepalive Timeout. Imekaa dakika 2. Simu ikilala mfukoni isipojibu kwa dakika hizo, rauta inamtoa mteja. Bila MAC Cookie, mama wa chumba cha tatu ataandika vocha yake mara kumi kwa siku, na ana haki ya kukasirika. Mimi niliipandisha hadi dakika 15.

Ukurasa wenyewe uko kwenye Files, folda ya hotspot, faili login.html. Uchukue, ubadilishe maneno, urudishe. Ndani yake utaona vitu kama $(mac), $(ip), $(error) na $(link-login-only). Rauta inavijaza yenyewe kila mtu anapoufungua, kwa hivyo usivifute. Uandike kwa Kiswahili. Ulioko kwangu unasema "Andika namba ya vocha" na chini yake "Ukikwama, njoo chumba namba 4 ghorofa ya chini." Sentensi hiyo ya pili imenipunguzia simu nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua. Picha ziwe ndogo. Kidirisha kile kinafunguka kabla mteja hajapata intaneti, hakina subira.

Malipo ya M-Pesa

Vocha za karatasi zinatosha kwa kuanzia. Nilizichapisha, nikaziacha dukani kwa mama wa mboga, na ilifanya kazi mwaka mzima. Lakini watu wanarudi saa nne usiku duka limefungwa, na hapo ndipo malipo kwenye ukurasa yanapofaa.

Mpangilio uko hivi. Ukurasa wa rauta unamhamisha mteja kwenda ukurasa wa seva yako huko nje, ukibeba MAC yake na anwani ya kurudi. Mteja anaandika namba ya simu, anachagua shilingi 10 kwa saa mbili au 30 kwa siku. Seva yako inaiomba Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, imtumie ombi la STK. Lile dirisha la PIN linaloruka kwenye simu linapitia laini yake, si waifai yako. Wengi hudhani mteja anahitaji kwanza intaneti ndipo alipe, na wanafungua njia zisizohitajika. Haihitaji. Kinachohitajika ni seva yako kuonekana na mtu ambaye bado hajaingia, basi.

Mteja akiweka PIN, Daraja inaipigia seva yako kwa HTTPS na matokeo. Namba 0 ni malipo yamekamilika. 1 ni salio halitoshi. 1032 ni mteja ameghairi. 1037 ni simu haikufikiwa. Kwa 0 peke yake ndipo seva inaiambia rauta, kupitia Radius au API (njia ya programu moja kuiamuru nyingine), itengeneze mtumiaji, na ukurasa unajiwasilisha wenyewe.

Radius ni daftari kuu la nje: rauta inauliza kwa poti 1812 "nimruhusu huyu?" na inaripoti matumizi kwa poti 1813. Ukiwa na rauta moja unaweza kuishi bila hiyo. Ukifika tatu, utaihitaji, la sivyo utaandika wateja mara tatu.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usimfungulie mtu kwa sababu ameonyesha ujumbe wa M-Pesa, na usiufanye ukurasa uamini kivinjari cha mteja kinachosema "nimelipa". Amini tu jibu lililofika kwenye seva yako likiwa na kitambulisho cha ombi ulilotuma mwenyewe. Jibu hilo linaweza kufika mara mbili, kwa hivyo rekodi kila kitambulisho na usiongeze muda mara ya pili. Na linaweza lisifike kabisa. Baada ya nusu dakika ya kimya, seva yako iiulize Daraja hali ya ombi lile. Nilipokosa kuweka ulizo hilo, pesa zilikuwa zinaingia kwangu na watu wanabaki nje, na mtu aliyekatwa shilingi 30 akakosa huduma haendi kusoma maelezo ya mfumo. Anajua amedhulumiwa.

Yaliyoniharibikia

La kwanza lilikuwa la fonti. Ukurasa wangu wa malipo ulitumia fonti nzuri kutoka kwenye seva za Google, na mteja ambaye hajaingia hakuziona. Walled Garden ndiyo orodha ya tovuti ambazo soja anaruhusu kabla ya kusaini kitabu. Nikaongeza humo *.gstatic.com. Fonti zikaonekana. Kesho yake simu zote za Android hazikuonyesha ukurasa. iPhone zilikuwa sawa. Nilibadilisha antena mbili kabla sijaelewa: connectivitycheck.gstatic.com imo ndani ya *.gstatic.com. Android ilikuwa inauliza swali lake, linapita hadi Google, inajibiwa 204, inaridhika kwamba intaneti ipo, na haina sababu ya kumwonyesha mtu ukurasa. Mteja anaona alama ya waifai imejaa na hakuna kinachofunguka. Tangu siku hiyo Walled Garden yangu ina seva yangu ya malipo peke yake, na fonti nimeziweka kwenye seva hiyohiyo. Na kwa tovuti ya HTTPS, iandike kwenye Walled Garden IP List, kwa sababu ile orodha ya kawaida inategemeka zaidi kwa HTTP.

La pili ni anwani kwisha. 10.5.50.1/24 inakupa anwani 253 za wateja. Nikasema vyumba 84, zinatosha na kubaki. Nilikuwa nimeweka muda wa kushikilia anwani kuwa siku 3. Lakini tangu Android 10 na iOS 14, simu hazitoi MAC yao halisi, zinajitengenezea ya bandia kwa kila jina la waifai, ili mtu asifuatwe mjini kwa simu yake. Ni jambo jema na silipingi. Ila mimi nilikuwa na majina matatu ya waifai, moja kila upande wa ngazi, yote kwenye mtandao mmoja. Simu moja ikipanda ngazi ilikuwa inahesabiwa sura tatu na kushika anwani tatu kwa siku tatu. Jumapili jioni, wageni wamejaa, anwani zikaisha, na simu mpya zikabaki zinazunguka kwenye "inatafuta anwani". Nikahamia 10.5.48.1/22, anwani 1,021 za wateja, na nikarudisha muda kuwa saa moja.

Hapo hapo ndipo palipokuwa na jibu la yule makanga. Alilipa akiwa getini kwenye jina moja, akapanda ghorofa ya tano, simu ikarukia jina lingine nililokuwa nimelisahau kwenye antena ya zamani. Sura mpya, soja hamjui. Alipojaribu kuingiza namba yake ya zamani akaambiwa hakuna nafasi, kwa sababu sura yake ya kwanza bado ilikuwa inahesabiwa iko ndani. Nilimrudishia muda wake wote, nikaomba msamaha, na asubuhi nikaipa ile antena jina moja na nyingine zote. Pia niliongeza kitufe kwenye ukurasa: "Nimeshalipa." Mtu anaandika namba ya malipo ya M-Pesa, zile herufi na tarakimu 10, mfumo unamtoa yule wa zamani na kumwingiza na sura yake mpya. Ungeniuliza nijenge kitu kimoja tu zaidi ya vocha, ningejenga hicho.

La tatu ni stima. Rauta nyingi za bei hii hazina betri ya saa. Stima ikipotea na kurudi, rauta inaamka haijui leo ni lini, inaweza hata kudhani ni mwaka 1970, hadi iulize intaneti. Vocha zangu zilikuwa zinahesabu kwa tarehe, na baada ya kila kukatika nyingine zilikufa kabla ya wakati na nyingine hazikufa kamwe. Washa NTP Client, inayouliza saa sahihi kwenye intaneti, na usiruhusu hesabu za muda zianze kabla saa haijasawazishwa. Betri ndogo ya akiba kwa rauta na kifaa cha kebo ya nyuzi itakulipa ndani ya mwezi wa mvua.

Na uamue mapema "saa 24" maana yake nini. Kikomo cha muda wa matumizi kinahesabu tu dakika mtu yuko ndani. Kikomo cha kalenda kinaanza anapoingia mara ya kwanza na hakisimami. Mimi nauza kalenda, na ukurasa unaonyesha siku na saa ya mwisho. Ugomvi uliisha.

Usalama, bila kuficha

Ukurasa wa kuingia hausimbi chochote hewani. Aliye karibu anaweza kusikia MAC za walioingia, na kama waifai yako haina nenosiri la WPA2, lile la kujiunga na waifai yenyewe, ni rahisi zaidi kwake kuivaa sura ya mmoja wao, na soja akampisha. Huwezi kulimaliza hilo kwa ukurasa. Punguza: zuia simu za wateja zisionane ndani ya antena, weka WPA2 hata kama nenosiri limeandikwa ukutani, na ukiona mteja mmoja anatumia kuliko kawaida yake maradufu, chunguza. Kwa ofisi inayotunza siri za watu, usitumie ukurasa kabisa. Tumia 802.1X, ambayo inathibitisha kila mtu kabla hata hajapewa anwani na kila mmoja ana ufunguo wake.

Kubwa zaidi kwangu ni hili. Mtu yeyote anaweza kuwasha waifai yenye jina kama lako na ukurasa unaofanana na wako, akaomba PIN ya M-Pesa. Nimebandika kwenye kila ngazi karatasi inayosema PIN huandikwa tu kwenye dirisha la laini, kamwe si kwenye ukurasa wa waifai. Shosho mmoja wa ghorofa ya pili ananiuliza kila mwezi, "Mwanangu, na hii ndiyo yenyewe?" Namjibu kila mwezi, tena kwa furaha.

Usikusanye usichohitaji. Namba ya simu na muda wa malipo vinatosha, usiombe kitambulisho wala barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na rauta moja kwenye ngazi. Na kuuza intaneti kwa umma kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mkataba na mtoa huduma unaokuruhusu kuuza tena. Wa nyumbani kwa kawaida haukuruhusu. Uliza kwanza, kwa maandishi.

Mteja akikwama

Fungua kichupo cha Hosts. Kama simu yake haipo, tatizo ni antena au anwani. Kama ipo bila herufi A, hajaruhusiwa: ukurasa haukumjia, au ulimjia akashindwa. Kama ina A na hana intaneti, soja ameshafungua. Angalia laini yako ya nje, au DNS. Sekunde kumi tu.

Kama ukurasa haukumjia, mwulize kama ana VPN imewashwa au amebadilisha DNS binafsi kwenye mipangilio ya Android. Vyote viwili vinaipeleka simu kuuliza maswali mahali ambapo soja bado hajamruhusu. Azime, aingie, awashe tena. Angalia pia tarehe ya simu. Simu inayodhani ni mwaka 2015 itakataa vyeti vyote na utamlaumu rauta bure.

Kila ninapobadilisha chochote, hata herufi moja ya ukurasa, nachukua simu tatu: Android ya zamani, Android mpya, na iPhone ya jirani, pamoja na laptopu. Naisahaulisha kila moja waifai, nazima data ya laini, naunganisha upya, nasubiri ukurasa ujitokeze bila kugusa kitu. Nalipa shilingi 10 za kweli kwa mojawapo, naghairi kwa nyingine, na kwa ya tatu naacha ombi la PIN hadi liishe lenyewe. Kisha nazima rauta kwenye soketi, nahesabu hadi thelathini, naiwasha, na kuangalia ni nani kati yao anayerudi ndani bila kuulizwa tena.